Vitabu vya Nyota Tulivyovivika Kaki

Siku yangu ya kwanza kazini nilikunja karatasi ya kaki mpaka ncha za vidole zikachubuka. Lilikuwa duka la vifaa vya shule huko mtaa wa Asiatique, katika mji wetu wa kando ya ziwa, na mkuu wangu wa kwanza, tuliyemwita Hadji tu, alinipa rundo la vitabu vya wanafunzi nivivike majalada kabla shule hazijafunguliwa. Kila kona iliyokaa upande niliifumua nikaanza upya. Mwishowe nilitaka kupaka gundi ili zisitoke tena. Hadji akanishika mkono.

"Binti, apana tia gundi. Kuna siku mutu atataka kuivua."

Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaoanza kazi ya kuazimisha vitabu. Najua mtacheka, kwa sababu sijafika hata arobaini na nazungumza kama mstaafu. Lakini kazi nayo huweza kustaafu ikamwacha mtu. Chumba chetu cha kusomea na kuazima vitabu kimefungwa, mwenye nyumba ameitaka nyumba yake, na mimi bado asubuhi naamka na sentensi mdomoni za kumpa msomaji ambaye haji.

Dukani kwa Hadji kulikuwa na sanduku la riwaya za Kifaransa lililoachwa na mgeni aliyehama: majalada ya roketi, majoka, miji inayoelea angani. Hakuna aliyezinunua. Nilizisoma nyuma ya kaunta, kamusi magotini. Sekondari sikuimaliza, Kifaransa changu nilikipata humo, pamoja na hofu ambayo haijaniacha: kwamba nilivyovisoma si vitabu vya kweli, na kwamba mtu aliyesoma atanigundua nikifungua mdomo tu.

Kutoka hapo nilichukuliwa mtaa wa Kinindo, kwenye chumba cha kusomea cha mama mmoja tuliyemwita Directrice, yaani mkurugenzi. Aliniajiri kwa kuyapenda majalada yangu. Wanachama wake walikuwa watu wa ofisi na walimu, na walitaka riwaya nzito, yaani zile zinazokaa na mtu na majonzi yake bila haraka. Bunilizi za kisayansi, zinazouliza tungeishije dunia ikigeuka, na fantasia, zenye ulimwengu wenye sheria zake, zilikaa rafu ya chini. Hizo tu ndizo Directrice alizoagiza zivikwe kaki.

"Zaina, ma fille," aliniambia, yaani binti yangu, "mutu ya kazi kubwa akiona dragoni, anarudishaka kitabu mbele ya kusoma."

Hivyo nikajifunza kupendekeza kitabu kisichoonyesha uso. Usianze na nyota, anza na mtu. Msomaji aliyependa hadithi za ukoo mmoja nilimpa riwaya ya familia inayozaliwa, kuoana na kuzikana ndani ya chombo cha angani, na hakuna hata mmoja wao atakayefika waendako. Nilimwambia tu kwamba ni kisa cha bibi na wajukuu wanaogombania bustani ndogo. Alirudi akiwa mkali, akauliza kwa nini hatukumpa mapema. Kitabu kama hicho tulikiita daraja. Huweki daraja mahali unapopapenda wewe, unaliweka pale msomaji alipokwisha kusimama.

Lakini mtu niliyetaka zaidi avuke hakuvuka. Alikuwa mwalimu mstaafu wa fasihi, mama mjane, akishuka na gari lake kutoka mtaa wa Kiriri ulio kilimani kila alipomaliza kitabu. Nilitaka yeye, aliyefundisha watu wengi kusoma, afungue kitabu kimoja tu cha rafu ya chini na kuniambia kwamba ni kitabu. Angesema hivyo, na ujana wangu wote nyuma ya kaunta ungekuwa na jina.

Mara ya kwanza nilijitayarisha njia nzima kutoka kwetu Buyenzi. Nikamweleza kila kitu: sayari, vita, falme tatu. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mwanangu," akasema, "mi nimezika watu. Hizi hadisi za watu wa mwezini nitazipeleka wapi?"

Kwa muda mrefu nilimpa alichotaka, nikimwona akipita mbele ya ile rafu kama mtu anayepita nyumba ya jirani aliyekosana naye.

Kisha akaja kurudisha vitabu vyote. Binti yake alikuwa amemwita Kanada, tiketi imekatwa. Alisema watoto wanasema kwenda huko ni kupumzika, lakini yeye hajui mtu anapumzikaje asipojua jina la mti ulio nje ya dirisha lake. Directrice akaenda kumletea chai. Tulibaki wawili. Nikainama, nikatoa kimoja cha kaki, na sentensi zangu zote zikanikimbia.

"Ni mwanamke anayesafiri mbali sana, Mwalimu. Anajua akirudi hatamkuta hata mmoja anayemjua."

Alikipima mkononi bila kukifungua.

"Anarudi?"

"Soma, Mwalimu."

"We muchokozi," akasema, akakitia mkobani.

Alisafiri bila kupita tena. Nilisubiri neno lake, na bado sijapata. Baadaye familia ilituita Kiriri kuchukua vitabu alivyotuachia. Directrice nami tulipanga masanduku sebuleni: riwaya zake nzito zote, zile alizozifundisha, zile alizozisoma mpaka zikalegea migongo. Nilitafuta kitabu cha kaki kuanzia sanduku la kwanza mpaka la mwisho. Mlinzi wa nyumba akasema mama alibeba kitabu kimoja tu, mkononi, chenye picha ya chombo cha angani na nyota. Hata garini hakukitia kwenye mkoba.

Chini ya sanduku la mwisho nikaikuta karatasi yangu ya kaki. Alikuwa ameivua bila kuichana, akaikunja kwa kufuata mikunjo ileile.

Ninayo mezani ninapoandika. Directrice ameniambia mara nyingi niitumie kuvika kitabu kingine, kaki nzuri siku hizi haipatikani. Nimejaribu. Kila kitabu ninachoweka ndani yake ama kinazidi, ama kinapwaya. Jioni upepo wa ziwa ukiingia dirishani huiinua kidogo pale katikati, nami hujikuta nikiuliza alivyouliza yeye: anarudi?