Jino Lililomezwa na Kuku

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, niliamini kabisa kwamba kuku wetu mwekundu alikuwa amekula meno meupe ya mdogo wangu, na kwamba kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa tumehama Kibugu, kwenye baridi na majani chai, tukashuka sehemu kavu ambako baba alipata shamba. Mdogo wangu, Wawira, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mwaka huohuo kijiji kilichimbiwa kisima kirefu chenye pampu, na mama akasema Mungu ametukumbuka. Mito tuliiacha Kibugu, pamoja na cucu, mama yake baba, ambaye alitutembelea kila baada ya mavuno na hakukosa neno la kusema kuhusu jambo lolote.

Kuhusu meno, neno lake lilikuwa hili: jino la utoto likitoka hurushwa juu ya paa, na panya aombwe alichukue hilo bovu, alete zuri. "Likirudi chini," alituonya, "litakaloota litafanana na udongo." Nyumba ya cucu iliezekwa kwa nyasi, jino likirushwa hunasa. Yetu ilikuwa ya mabati. Jino la mbele la Wawira lilipong'oka alinipa mimi nimrushie, maana hakuwa na nguvu ya kulifikisha. Lilipiga bati, likateleza, likaanguka miguuni pa kuku, naye akalidonoa kama punje ya mahindi. Wawira alikuwa amefumba macho, anamwomba panya. Nikamwambia limefika.

Meno mapya yaliota na michirizi ya kahawia, kama chai iliyokaukia kikombeni. Mama alidhani ni uchafu. Mimi nilijua ni kuku, na sikuthubutu kusema.

Krismasi ilipokaribia, Wawira alichaguliwa kuanzisha wimbo wa watoto kanisani. Alikuwa na sauti safi kuliko sisi sote. Lakini msichana mmoja alimuuliza kama amekula udongo, na tangu siku hiyo akawa anacheka amefumba mdomo. "Yakiwa hivi siimbi," aliniambia. Nikamuahidi kwamba yatakuwa meupe. Mwenye kosa huwa mwepesi wa kuahidi.

Nilianza na makaa yaliyosagwa na chumvi. Nikajaribu mswaki wa mti, nikasugua mpaka ufizi ukatoa damu. Nikajaribu limau na magadi, yaleyale ya kulainishia maharagwe, na Wawira akalia kimya, machozi yakimchirizika hadi kidevuni. Michirizi haikutikisika. Ndipo nikatazama sufuria. Masizi ya mwezi mzima hutoka kwa majivu na mchanga, kwa nini jino lishindikane? Kila jioni tulijificha nyuma ya choo, nikamsugulia meno kama chombo cha jikoni. "Vumilia," nilimwambia. Akavumilia. Alikuwa na miaka saba na aliniamini mimi kuliko mtu yeyote.

Siku ya Krismasi alisimama mbele na gauni lake jipya. Akafungua mdomo, akavuta pumzi, na ile hewa tu ikamchoma meno. Alishika shavu, akarudi kuketi. Mwingine akaanzisha wimbo. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwaka uliofuata watoto wengine wa rika lake wakaota meno ya kahawia, nyumba baada ya nyumba, na meno yao kuku hakuyagusa. Mama akampeleka Wawira kwa daktari wa meno Embu mjini, nami nikaandamana nao. Daktari hakuchukua muda. "Hii ni madini ya maji ya kisima, mama. Haitoki kwa kusugua." Akainamisha taa. "Lakini nani alikwangua hii meno ya mtoto?" Wawira alinitazama, kisha akasema ni yeye mwenyewe.

Tulirudi nyumbani tukaendelea kunywa maji yale. Tungekunywa nini? Mto ulikuwa Kibugu, na cucu aliposikia alisema tu kwamba alijua mabati yangetuletea shida.

Leo naelewa vizuri. Meno yangu yalijengeka ufizini kwa maji ya mto, ya Wawira kwa maji ya pampu, na hakuna aliyetuchagulia. Kahawia ile haikuwa dhambi yangu. Maumivu ndiyo yangu. Hadi sasa hanywi maji baridi, na chai yake huiacha ipoe. Nilimuumiza kwa mapenzi, na sijui mtu huombaje msamaha kwa hilo.

Juzi nilimtembelea. Bintiye alikuwa ameng'oka jino, na Wawira akaniwekea kiganjani.

"Rusha wewe," alisema. "Na safari hii angalia kuku."

Miaka yote hiyo alikuwa anajua. Nilirusha kwa nguvu zangu zote, jino likavuka paa likapotelea upande wa pili. Mtoto akacheka kwa sauti. Wawira naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika mdomoni.