Nilivuliwa jina la bibi ili nishike mimba, kumbe ni PCOS

Wakuu, salaam kwenu nyote. Wa kusoma na kupita karibuni, wa kukejeli nanyi mna kiti chenu. Ninachoandika kimenipata mwenyewe, sijasimuliwa na jirani.

Naandika nikiwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, maana kukaa kwenye benchi nimeshindwa. Nikirukaruka mnivumilie.

Mimi ni wa Chiungutwa, Masasi. Wakati naolewa na Hamisi, hedhi yangu ilikuwa tayari haina adabu. Inapotea miezi, inarudi bila hodi. Ndevu za kidevuni nazing'oa kwa kibano kabla mume hajaamka. Mwili unanenepa hata nikishindia mchicha.

Mimba hakuna.

Huku kwetu ukishaolewa kinachofuata ni kuitwa Mama Fulani. Wenzangu wakawa Mama Salumu, Mama Rehema. Mimi nikabaki Somoe tu. Mtu akiniita bombani nasikia kama ananiuliza swali.

Sasa hilo jina ndiyo kesi yenyewe.

Nimelirithi kwa bibi wa ukoo aliyeishi enzi za Wajerumani. Kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, watu wanaamini na mambo ya marehemu yanamfuata. Ukoo mzima unajua kwamba wakati wa Maji Maji Bibi Somoe alikunywa ile dawa ya vita, akavunja mwiko wake, tumbo likafungwa mpaka anaingia kaburini.

Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye sauti juu ya watoto wa dada yake, akahukumu: "Huyu kabebeshwa tumbo la marehemu. Tumvue jina."

Nikakubali. Mfa maji haachi kutapatapa. Tukaenda makaburini, mjomba akamwaga unga wa mtama, akazungumza na wazee kwa Kimakua, nikarudi nyumbani naitwa Zuhura.

Wiki ileile hedhi ikaja!

Vigelegele. Mama akalia kwa furaha. Hakuna aliyejua, hata mimi, kwamba hedhi ya aina yangu inakuja ikijisikia, unga umwagwe usimwagwe.

Shida, haikukata. Damu ikaenda, ikaenda, mpaka nikadondoka chini ya mikorosho. Hamisi akanipakia kwenye bodaboda, mshikaki, mimi katikati yake na dereva, akinishika kiuno njia nzima. Hamisi ni mtu wa maneno machache mpaka unaudhika.

Hospitali wakaizuia damu, wakapima homoni, sukari na ultrasound. Daktari, mama mmoja mpole, akaniambia ni PCOS. Mayai ninayo, ila hayapevuki wala kutoka kwa wakati. Ndevu, unene na hedhi ya kuvizia vyote ni familia moja.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo mimi ni tasa?"

"Nani kakwambia?"

Nililia wakuu. Nililia kwa kelele mpaka wagonjwa wakageuka.

Akanieleza kwamba haiondoki moja kwa moja, inasimamiwa. Kwanza nipunguze uzito, hata kidogo kunasaidia, kwa hiyo chai ya sukari nyingi na maandazi basi, na kutembea kila siku. Sukari yangu ilikuwa imeanza kupanda, akanipa metformin (ilinichafua tumbo wiki za mwanzo, nisiwadanganye). Halafu kwa miezi michache nimeze vidonge vya uzazi wa mpango, ili hedhi ikae sawa na ukuta wa kizazi usiendelee kujaa mpaka ulete hatari. Baada ya hapo ndipo nianze dawa ya kupevusha mayai, letrozole.

Mnaona balaa linakotokea?

Mama mkwe akavikuta vidonge. Hakuna mwanamke Masasi asiyeijua ile pakiti. Mwanawe anatafuta mtoto, mkewe anameza majira!

Kikao kikaitishwa. Mjomba kakasirika kuliko wakwe. Mama mkwe anasema Hamisi atafutiwe mke mwingine. Mimi naeleza homoni, nao wananitazama kama nauza dawa mnadani. Natamani kukimbia mpaka Nanganga.

Ndipo bibi mzaa mama, mzee sana, aliyeletwa kwa heshima tu, akauliza, "Huyo Somoe mnayemsema, nani hapa alimwona?"

Akajijibu mwenyewe:

"Mimi nimemwona. Alikuwa na ndevu, wajukuu tulikuwa tukizichezea. Na mwezi wake alikuwa akiuona kwa nadra, mama yangu aliniambia. Maji ya vita hakunywa. Askari walipochoma maghala, dada yake akafa njaani, yeye akabeba watoto wa dada mpaka kule juu Newala, akawalisha ming'oko, mizizi ya porini. Mmoja wao ni mama yangu. Sasa mnayemwita tasa ndiye aliyewalea ninyi nyote."

Mjomba akasema, "Mbona hukusema siku zote hizo, mama?"

"Mlikuja kuniuliza?"

Mama mkwe bado akashikilia: "Lakini huyu Zuhura..."

Hamisi akasimama. "Mke wangu anaitwa Somoe. Na vile vidonge kila jioni nampa mimi kwa mkono wangu."

Akakaa. Maneno ya mwaka mzima hayo.

Nilichojifunza: hedhi ikipotea miezi usikae kuisikilizia, na ikija kwa bahati usidhani umepona. Dawa zangu usizinakili, kapime kwanza. Na mkitaka kumsingizia marehemu, waulizeni waliomjua.

Letrozole nimeanza. Leo wanaangalia kama kuna yai limepevuka. Huenda lipo, huenda halipo. 

Dada mliopita njia hii, mlimeza nini, mlivumilia vipi? Na wanaume, mngesimama kwenye kile kikao? Nijibuni, nitasoma yote.

Mlango umefunguliwa. Nesi anaita, "Somoe!"

Ndiyo mimi.