Sarafu ya Simba na Kidole Gumba cha Papa

Papa, baba yangu, alichezesha mpira hapa mjini Baraka kwa miaka mingi, mpaka macho yalipomkataa. Arbitre, ndivyo tunavyomwita mwamuzi, na hata baada ya kustaafu watu wa sokoni waliendelea kumwita hivyo. Lilianza jicho la kushoto, kama moshi uliogoma kuondoka, kisha likafuata la kulia. Alipobaki kuona vivuli tu, nilimchukua akae kwangu. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Mume wangu anafanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi na hurudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nafasi ilikuwepo, na mimi nilihitaji mtu wa kuongea naye.

Alasiri moja nilikuwa kwenye barza, kibaraza cha mbele ya nyumba, nikitayarisha somo. Nilitaka wanafunzi waelewe kwamba sarafu ikirushwa, huko hewani hakuna bahati. Ikishaachana na kidole, mambo yamekwisha kupangwa: kasi ya kupanda, kasi ya kuzunguka, imeelekea vipi, na mkono utaidakia wapi. Ukivijua hivyo vyote, unajua upande utakaokaa juu kabla haujafika. Shida ni mkono wa mtu. Haurushi mara mbili sawasawa, na tofauti ndogo mno ya kidole inatosha kugeuza jibu.

Nilikuwa narusha na kuandika, narusha na kuandika. Sisi sarafu hatuzitumii, pesa zetu ni noti, kwa hiyo nilikuwa nimeazima ile ya Papa. Ni ya Tanzania, ilivuka ziwa na wachuuzi wa samaki. Upande mmoja una kichwa cha mtu, upande wa pili una simba. Ndiyo aliyoitumia uwanjani miaka yake yote.

"Leta hapa," Papa akasema kutoka kwenye kiti chake.

Akaipapasa, akaiweka juu ya kidole gumba, akaifyatua.

"Kichwa," akasema, sarafu ikiwa bado juu.

Akaidaka, akafungua kiganja. Kichwa.

Akarudia. Kichwa. Akarudia tena na tena. Alikosea mara chache sana.

"Papa, unajuaje?"

"Naisikia." Alikuwa anatabasamu kama ambavyo sikuwahi kumwona akitabasamu tangu mama yetu afariki. "Tangu macho ikatae, masikio yangu imekuwa ya imbwa."

Kwa juma zima huo ndio ukawa mchezo wetu. Nikitoka shuleni namkuta ameshanawa uso, ananingoja. Majirani walikuja kutazama. Mama mmoja anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alimwambia ana kipaji cha Mungu, na Papa hakukataa.

Mimi nikataka kujua. Nikampiga video kwa simu, ile ya kwenda polepole, halafu nikakaa jikoni kuitazama. Niliirudisha mara nyingi, nisiamini. Sarafu haikuwa inapinduka. Ilikuwa inayumba tu, kama mfuniko wa sufuria ulioanguka sakafuni unavyoyumba kabla ya kutulia, uso wake wa juu ukibaki juu njia nzima. Kwa macho ya kawaida ungeapa kwamba inapinduka. Papa alivunjika kidole gumba ujanani alipoanguka na baiskeli, na kiungo chake hakikukunjika tena. Kidole hicho kigumu kiliisukuma sarafu kwa namna ileile kila mara, imelala kidogo upande. Na kila mara, kabla ya kurusha, alikuwa anakiweka kichwa juu.

Nilitoka jikoni mbio kwa furaha ya mwalimu aliyepata mfano mzuri. Nikamweleza yote, mpaka na ule mfuniko wa sufuria.

Papa alinigeuzia sikio. Kisha akauliza, "Unasema haigeuke?"

"Mara nyingi haigeuki, Papa."

"Na zamani? Kwa terrain?"

Alimaanisha uwanjani, alipokuwa akirusha sarafu ya mechi. Hapo nikaelewa nimefanya nini, ila maneno yalikuwa yameshatoka.

Siku mbili hakula vizuri. Sarafu ikakaa dirishani bila kuguswa. Siku ya tatu, nikimmwagia maji ya kunawa, akaanza mwenyewe kusimulia.

Kambi ya wakimbizi ya Lusenda ilikuwa bado mpya. Yalifanyika mashindano madogo, na timu ya vijana wa kambini, Warundi, ikafika nusu fainali dhidi ya timu ya hapa Baraka. Wakatoka sare. Kabla ya kupiga penalti, mvua ya ziwani ikashuka, uwanja ukawa dimbwi. Wakakubaliana sarafu iamue. Papa, kwa heshima ya mgeni, alimpa kapiteni wa Lusenda achague kwanza. Yule kijana akachagua simba.

"Mi niliweka kichwa juu, kama kila siku," Papa alisema. "Nikatupa. Kichwa. Batoto ba Baraka bakarukaruka mu mvua. Ule kijana aliniangalia tu. Nilimunyanganya mechi, mama. Na sikujua."

Papa huniita mama akiwa na huzuni.

"Hukufanya makusudi."

"Lakini nilifanya. Nipeleke nimuambie."

Nilijaribu kumtuliza kwamba miaka imepita, kwamba pengine yule mtu alisharudi kwao. Hakutaka kusikia. Nikauliza kwa akina mama wanaoleta maharage kutoka kambini, na mmoja wao alimfahamu: siku hizi ni fundi wa kushona, ana cherehani yake karibu na kisima.

Jumamosi tukakodi pikipiki. Mimi nilikaa nyuma, Papa katikati, ameshika mabega ya dereva, amevaa shati lake la kanisani. Njia nzima aliuliza maswali mawili tu: tumefika wapi, na kama nimebeba sarafu.

Fundi alikuwa mtu mzima sasa, na futi shingoni. Alimtambua Papa mara moja. Hakutabasamu, lakini alileta stuli akampangusia vumbi.

"Kaa, mzee. Nani amekuleta?"

"Nimekuja kukuomba musamaha," Papa akasema kabla hajakaa vizuri. "Ile sarafu ya nusu fainali. Haikuwa sawa."

Fundi akanigeukia mimi. Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, nikamwonyesha video. Aliitazama akiwa ameinama, mkono juu ya cherehani. Aliitazama tena. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa na maji.

"Mzee, unajua wenzangu walinifanya nini?" alisema. "Walisema nina mkosi. Walisema, tumekimbia nchi, tumefika hapa, na wewe unatupotezea hata sarafu. Hawakunipa tena ukapiteni. Mpaka leo nikiingia kwenye kikundi cha kuweka akiba, wananiambia kwa mzaha, wewe usishike daftari. Na mimi niliamini. Mtoto wangu wa kwanza alipougua, nilifikiri ni mimi."

Papa akanyoosha mkono kutafuta wake, akaupata.

"Haikuwa weye," akasema. "Ilikuwa hii kidole."

Fundi alicheka na kulia pamoja. Halafu akasimama, akaita mtu upande wa pili wa kisima, akaita mwingine. Wakaja wanaume watano, wengine na matope miguuni kutoka shambani, mmoja amembeba mwanawe. Ilikuwa ile timu, waliobaki.

"Rudia, mzee," fundi akasema. "Rudia mbele yao."

Papa akarudia kila neno, kisha akaomba sarafu. Akaweka kichwa juu, akafyatua. Kichwa. Kichwa. Kichwa. Wanaume wakasogea karibu. Mara moja ikatoka simba, wakapiga kelele kama goli limeingia, na Papa mwenyewe akacheka mpaka akakohoa. Aliyebeba mtoto alitazama video kwa muda mrefu. Kisha akamwendea fundi, akamwambia kitu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini. Sikukielewa. Niliona tu fundi akitikisa kichwa kukubali, na wawili hao wakishikana mabega.

Walitupikia maharage na ndizi. Wakati wa kuondoka fundi alimpima Papa mabega na mikono kwa futi yake, bila kueleza kwa nini.

Baada ya majuma mawili alikuja Baraka siku ya soko na shati jipya la bluu, limetosha vizuri mpaka kwenye vifundo vya mikono. Papa alilivaa palepale. Wakakaa barzani wakibishana kuhusu offside moja ya mechi ile ile, kila mmoja akiapa kwamba aliiona vizuri, hadi nilipowapelekea bugali.