Oili Nzito

Pale gereji walimwita Sikio, ingawa alianza kazi akiwa na miaka thelathini, mshonaji aliyechoshwa na cherehani, hajui klachi wala difu. Mwalimu wake, mama mmoja mwingi wa kicheko na mchache wa huruma, alimwendesha kwenye magari mabovu wiki nzima bila kumruhusu kugusa spana.

"Usinieleze unachodhani, mwanangu. Nieleze ulichosikia."

"Linalia gia ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne, kimya."

"Enhe?"

"Beringi za shafti ya chini, mama. Kwenye ya nne hazibebi mzigo."

"Haya! Kumbe kichwani mna zaidi ya vitambaa!"

Kwa hiyo kazi aliijua. Ndiyo maana jambo la kaka yake linamkereketa hadi leo.

Kaka alileta pikapu yake ya kubebea matofali, inalia vilevile. Sikio aliutambua ugonjwa kabla haijasimama. Kushusha giaboksi na kubadili beringi kungechukua siku mbili, na kaka alikuwa na safari kesho yake.

"Ninyamazishie hiyo kelele tu, mdogo wangu. Inanipasua kichwa."

Mwalimu hakuwapo siku hiyo. Sikio akamwaga oili ya giaboksi, akajaza ile ya difu, nzito kama asali. Kelele ikazama. Kaka akazunguka mtaa mara moja, akarudi anacheka, akamkumbatia na grisi zake zote.

"Umeiponya! Jamani, mdogo wangu fundi!"

Hapo ndipo pa kusema haijapona. Neno moja tu. Lakini sifa zilikuwa tamu, akanyamaza.

Wiki ya tatu, pikapu ikipanda mlima na shehena ya matofali, beringi ilisagika, shafti zikahama, meno ya gia yakatafunana, giaboksi ikapasuka. Ilivutwa kwa kamba hadi gereji. Sikio alipofungua nati ya chini, oili nzito iliyobaki ikashuka polepole, imejaa chembe za chuma zinazometameta. Kaka alikuwa amesimama palepale.

"Ulijua siku ile kwamba haijapona?"

"Nilijua, kaka."

Alitamani atukanwe. Kaka hakupandisha hata sauti.

"Ungeniambia, ningengoja."

Siku hizi wakikutana kwa mama yao huongea habari za watoto, za mvua, hata za mpira, na hucheka sana. Kaka ana gari jingine. Likimsumbua, hulipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili, na Sikio huja kuambiwa na mama.