Nilisambaza samadi Kigoma enzi za wakimbizi, mpaka leo nadaiwa siku moja ya jembe

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii sikuhadithiwa, ilinikuta mwenyewe, kwa hiyo wa kusema ni chai apite kushoto.

Enzi za wakimbizi nilikuwa na trekta kuukuu na trela. Nachota samadi kwenye maboma ya wafugaji, napeleka kwa wakulima, vibarua wangu wanaitandaza na kuifukia.

Msicheke. Mke wangu alinilazimisha nivulie nguo uani, lakini ugali wa hela ya mavi ya ng'ombe aliula vizuri tu.

Vibarua wengi walitoka kambini. Mimi mtoto wa Ujiji, jembe nililiona kwa jirani.

Msimu mmoja nikapata oda ya Mama Nestori, Mrundi aliyekodi shamba kwenye mteremko juu ya ziwa. Ardhi ilikuwa imechoka kabisa.

Aliniambia wazi, "Baba, mwaka huu nisipovuna, mimi na wanangu tunaishia kambini kwenye foleni ya chakula."

Nikashusha samadi asubuhi, vilima vilima shamba zima. Vibarua hawakutokea. Kumbe siku hiyo kambini walizuiwa kutoka.

Na wingu lilishaanza kufunika ziwa kutoka upande wa Kongo. Mvua ikikuta samadi haijafukiwa kwenye mteremko ule, yote inakwenda kwa dagaa.

Nilichanganyikiwa. Mama Nestori hakunilaumu. Alipanda kichuguu akapaza sauti kuita majirani.

Wakaja, Warundi na Waha, kila mtu na jembe lake. Wakajipanga mstari, wakaanza kutandaza na kufukia huku wanaimba.

Mimi kwa furaha nikatoa hela za vibarua, nikaanza kugawa.

Wakuu, wimbo ulikatika. Watu wakaegemea majembe. Mzee mmoja Muha akanitazama kama nimetemea mate chakula chake.

"Hii ni ikibiri, mwanangu. Leo kwake, kesho kwangu. Ukinilipa tumemalizana. Nyumba yangu ikianguka, atakuja nani?"

"Samahani, Mzee. Sasa nifanyeje?"

"Majembe yapo."

Nikavua viatu. Nililima mpaka malengelenge yakapasuka, akina mama wananicheka kwa Kiha, na mimi sielewi hata neno.

Tulifukia kilima cha mwisho matone yanaanza kudondoka.

Mama Nestori akaniambia huku anacheka, "Hii ilikuwa kazi yako, baba, na watu nimekuitia mimi. Nakudai siku. Utanirudishia msimu ujao."

Yule mama alivuna, wakuu. Alikosa pa kuanika mahindi.

Msimu uliofuata nikaenda na trela limejaa, na jembe langu mwenyewe. Nikakuta mlango umefungwa kwa kamba. Jirani akasema malori yameshawarudisha Burundi, yeye na wanawe.

Roho iliniuma sana.

Nikashusha samadi palepale, nikaitandaza na kuifukia peke yangu. Nani angelima pale, sikujua.

Nilichojifunza: siyo kila mtu anayekusaidia anataka mfunge hesabu. Wengine wanataka uendelee kudaiwa, ili siku wakiita, uitike.

Trekta niliiuza kama chuma chakavu. Jembe ninalo.

Kama kuna mwanajukwaa yuko Burundi anamfahamu Mama Nestori, amwambie siku yake ipo.

Na wewe unayesoma, nani anakudai siku? Tiririka hapo chini.