Gobori la Kumwitia Baba

Juzi nimeliona gobori ofisi ya kijiji, limelazwa mezani kama mgonjwa, nikasikia harufu ya baruti ya babu kule Mbaha. Nilikuwa mtoto mchana ule ukungu ulipofunika ziwa, na baba yumo humo na mtumbwi. Babu akamimina baruti, akasokomeza kitambaa, akashindilia kwa fimbo, akalielekeza ziwani. Nikamng'ang'ania mkono.

"Babu, usimuue baba!"

Akasema kwa pua, hivi: "Aka! Niachie, mjinga we! Risasi umeiona wapi? Namwita, ajue nchi kavu iko huku."

Akapiga, akashindilia tena, akapiga, mpaka baruti ikaisha. Ndipo akaliweka chini, akaita kwa mdomo, "Mwanangu weee!" Nami nikaita, "Baba weee!"

Hakuitika.