Mayai ya Kutoka Pujini

Wanangu wakinisikia nalalamika juu ya mayai ya dukani husema, mama ameanza. Basi nimeanza. Yai la siku hizi ukilipasua kiini kimepauka, ute umetapakaa sahani nzima kama maji, halafu utaambiwa ati ni yai zima. Miye nimeuza mayai. Najua yai zima likoje, na namjua aliyenifundisha.

Nilipoolewa Chake Chake, miaka michache kabla ya Mapinduzi, nilimkuta mamamkwe wangu na duka lililofungukia barazani. Mume wangu alifanya kazi Wete na kurudi nyumbani Ijumaa, kwa hiyo dukani tulikuwa sisi wawili. Tuliuza sukari, mchele, mafuta ya taa na mayai, ambayo yalikaa ndani ya beseni la pumba za mpunga. Zamani mayai ya beseni lile yalikuwa bahati nasibu, maana yalinunuliwa kwa yeyote aliyepita na pakacha. Kila mwanamke wa mtaani kwetu alikuwa na kikombe chake cha kupasulia: unapasua yai moja kikombeni, unalitazama, unalinusa, ndipo unalimimina sufuriani pamoja na wenzake. Ukikutana na viza, yai lililooza au lililokwisha kushika kifaranga, unatupa hilo moja na mengine yanasalimika.

Nilipofika mimi, vikombe vile vilikuwa vimesharudishwa kabatini. Sababu yake ilikuwa bibi mmoja wa Pujini.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti ndogo ambayo hakuipandisha kwa mtu yeyote. Kila Jumapili na Alkhamisi alitoka kwao baada ya sala ya alfajiri, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa miguu, ili afike jua halijakolea. Mayai aliyapanga ndani ya pumba na kuyafunika kwa jani la mgomba, nayo yalifika kama yalivyotoka kwa kuku. Katika miaka miwili ya kutuletea hakuna aliyewahi kurudisha hata moja. Ukilipasua, kiini kilisimama kimoja katikati, kimeiva rangi, na ute umekishika hautaki kukiacha. Wapiga mkate wa mayai, ile keki yetu ya mayai mengi, walikuwa wakiyasubiri barazani kwetu, na walikwishasahau habari ya vikombe.

Siku moja nilimfuata mpaka kwao, kwa udadisi wangu tu. Nikamkuta na kuku ishirini na kitu, na kila mmoja anajulikana anapotaga. Aliwazungukia asubuhi na alasiri. Katika kila kiota aliacha yai moja alilolipaka masizi ya chungu, ili kuku asihame, na hilo la masizi halikuuzwa kamwe. Kuku akianza kuatamia alitengwa. Kila yai alilielekeza kwenye jua, akakunja kiganja kama bomba na kuchungulia kwa jicho moja. Akiliona na kivuli hata kidogo, aliliweka kando.

"Hilo nalo lina nini, bibi?" nilimuuliza, maana mimi sikuona kitu.

"Labda halina kitu," akanambia. "Lakini la mashaka silileti mjini."

Nilimpenda mwanamke yule. Nasema wazi, nilimpenda kuliko shangazi zangu wa damu.

Ukaja mwaka ambao karafuu zilizaa mno. Kwetu karafuu zikizaa, nyumba hubaki na kufuli. Baba, mama, watoto, wote huhamia shamba kuchuma mchana na kuchambua jioni, na kuku hubaki wenyewe. Hapana wa kukusanya mayai, basi kuku huatamia watakavyo. Wenye nyumba wakirudi mara moja kuchukua chumvi, huokota mayai ya kila umri na kumuuzia mpita njia. Hapo hapo pesa zimeingia, kila mtu anataka kuozesha, na kila harusi inataka mkate wa mayai.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alikuwa anamwoza binti yake. Wakwe walikuwa wanakuja Ijumaa kutoka Wambaa, na yeye alikwishajigamba kwamba watakula mkate ambao hawajapata kuuona. Akaja Jumatano akataka mayai thelathini. Mamamkwe alikuwa amekwenda hitimani, duka ameniachia peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikahesabu beseni nikapata ishirini na mawili.

Ningemwambia jirani asubiri kesho yake, bibi atakuja. Lakini nilikuwa mwali, nataka sifa. Nilitaka mamamkwe akirudi aambiwe kwamba mkweo ameendesha duka, kila mtu ametoka na haja yake. Akapita mchuuzi mmoja na baiskeli, anatoka kuzunguka mashambani, ana mayai ndani ya kikapu. Nikanunua manane. Kuyatia majini nijue kama yanaelea, sikuyatia. Kuyachungulia juani, sikuyachungulia, na kufundishwa nimefundishwa. Nikayachanganya na yale ya bibi nikamhesabia jirani thelathini, na jioni mamamkwe akanisifu.

Alkhamisi asubuhi bibi wa Pujini alikuwa ameketi barazani kwetu, ametua pakacha lake, anapumzika, mara jirani akaingia na sufuria. Hakusalimu. Akaiweka sufuria sakafuni mbele yetu sote.

"Tazameni," akasema.

Ndani mlikuwa na mayai yaliyokwisha kutiwa sukari, na katikati yake kifaranga chenye manyoya yaliyolowana. Harufu yake sitaisimulia. Alikuwa amepasua mayai ishirini na sita moja kwa moja ndani ya sufuria, kwa imani, na la ishirini na saba likawa lile. Hakuna cha kuokoa, si mayai wala sukari. Na wakwe kesho.

Bibi akainama akatazama. Yai hufika hapo baada ya kuatamiwa siku nyingi, na yeye alikusanya yake mara mbili kwa siku. Alijua pale pale. Akainua uso akanitazama mimi, si kwa muda mrefu.

"Mayai haya umeyatoa wapi?" mamamkwe akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema. Nikainamia miguu yangu yenye hina.

"Ni yangu," bibi akasema. "Siku hizi za karafuu mambo yamekuwa mengi. Limenipita. Niwie radhi, mwanangu."

Akamhesabia jirani mayai thelathini kutoka pakacha lake, bure, akanyanyuka akafuatana naye mpaka jikoni kwake. Nilisikia mchapo wa kupigia mayai ukipiga mpaka karibu na adhuhuri. Mkate uliumuka, wakwe wakala, harusi ikapita kwa heri. Lakini mdomo hauna kufuli. Jumapili yake mtaa mzima ulikuwa na msemo mmoja: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wakimwona anakuja na pakacha lake waliingia ndani.

Mamamkwe akamnunulia mayai mawili matatu, kwa haya tu, nayo yakamkalia. Jumapili ile bibi akarudi Pujini na mzigo wake. Alkhamisi akaja tena, akarudi nao tena. Wiki ya pili vile vile. Mimi nilikuwa kule ndani napima sukari, najiona nimeokoka na huku najichukia.

Nilimvizia mara moja pembeni ya nyumba. "Bibi, kwa nini ulisema ni yako?"

"Weye umeolewa juzi," akanijibu. "Jina watakalokupa nyumba hii sasa hivi utazeeka nalo. Mimi kuku wangu watanisemea."

Kuku wangemsemeaje, na hakuna anayepasua mayai yao? Nilimwitikia kwa kichwa kama mjinga, nikarudi ndani kwenye sukari yangu. Woga ulikuwa umenijaa mpaka utosini.

Jumapili ya wiki ya tatu alifika kama kawaida. Nikamwamkia, "Nashikamoo, bibi," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa upole ule ule, akatua. Jirani yetu alikuwa pale pale ananunua unga, akageuza uso. Mamamkwe akakohoa, kikohozi cha mtu aliyejiandaa.

"Bibi yangu, njia ni ndefu. Usijisumbue tena. Zikisha karafuu tutaleta salamu."

Maana yake ilikuwa usije. Yeye alielewa, na mimi nilielewa. Kuku wale ndio waliokuwa riziki yake, na duka letu ndilo soko lake. "Haya, inshallah," akasema. Akaanza kuizungusha kanga yake ya kichwani kufanya kata ya kuwekea pakacha, taratibu, akaikosea, akaifungua akaanza upya. Sikupata kumwona akikosea kufunga kata kabla ya siku ile.

"Si yake," nikasema.

Wakanigeukia wote.

"Mayai manane niliyanunua kwa mtu wa baiskeli. Nikayachanganya. Lile viza ni langu mimi. Yeye alijua tangu siku ile, akanistiri."

Mamamkwe mkono wake ulibaki juu ya mizani. Jirani akaweka mfuko wa unga chini. Nilikuwa nasubiri kutukanwa, na nilikuwa tayari, lakini aliyekasirika alikuwa bibi. Akaketi tena barazani, kanga mkononi.

"Miaka yote hii sijasema uongo juu ya yai hata moja," akaniambia. "Nimesema mmoja, kwa ajili yako, na weye umenianika mbele ya watu."

Nikaanza kulia. Jirani naye akawa anafuta macho kwa ncha ya buibui, akamshika bibi mkono. Mamamkwe hakulia, hakuwa mtu wa kulia. Alinitazama kwa jicho ambalo nilijua nitalikuta tena usiku, na siku nyingi baadaye.

"Mpokee bibi pakacha lake, uyatie mayai ndani ya beseni," akasema.

Nikalipokea. Lilikuwa limejaa mpaka juu, kama lilivyojaa mara zile nne aliporudi nalo Pujini juani, saa mbili na zaidi kwa miguu, kwa ajili yangu mimi, na hata siku moja hakuwa amenambia kwamba amechoka.